Paketi zikirudi na ukungu: namna ya kujifanyia utafiti wa maembe na mboga za kukausha hapo hapo nyumbani

Desemba ya mwaka juzi nilipeleka paketi 60 za embe kavu kwenye duka moja hapa Mwanza mjini, wiki ya tatu napigiwa simu, "mama, hizi embe zako zimeota manyoya, njoo uzichukue." Nikaenda, nikarudi na daladala boksi liko mapajani, watu wanachungulia. Kufika nyumbani Buswelu wa kwanza kulaumiwa akawa draya, lile kabati la kukaushia kwa jua. Nikamwita fundi, akabadilisha nailoni ya juu, akaongeza tundu la hewa, akala hela yake akaenda zake, na mzigo uliofuata nao ukaota manyoya vilevile.

Kumbe draya haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye beseni. Tulikuwa tunatoa maembe saa kumi jioni yamekauka vizuri kabisa, tunayamwaga kwenye beseni la plastiki, tunafunika na kanga, kupaki mpaka kesho asubuhi maana jioni kuna kupika na kuna watoto. Sasa usiku kucha ile hewa ya ziwa inapita kwenye kanga na embe kavu linavuta unyevu kama chumvi inavyovuta. Na hilo sikuliona kwa macho wala sikuambiwa na mtaalam, niliambiwa na daftari: nilipoanza kuandika saa ya kupaki, paketi zilizofungwa jioni ile ile zote zilikuwa nzima, zilizolala kwenye beseni ndo zikaota. Hela ya fundi ilikuwa imeshaenda.

Kwahiyo hapa naelekeza namna ya kufanya utafiti mdogo wa kwako, wa mizani na daftari, ili ukitoa hela ujue unatibu ugonjwa gani. Mi nakausha maembe na mboga za majani lakini ukiwa na nanasi, nyanya, ndizi au viazi njia ni ile ile.

HATUA YA KWANZA: andika lalamiko kama mteja alivyolisema

Wengi tunaanza na "nataka niongeze ubora". Ubora upi sasa? Rangi, ulaini, mchanga, ladha, ukungu, kila kimoja kina mlango wake, ukivamia vyote siku moja hutajua kipi kimepona kwa dawa ipi. Chukua karatasi andika maneno ya wateja bila kuyapamba. Yangu yalikuwa hivi: yameota manyoya, yamekuwa meusi, magumu kama kandambili, na dada mmoja akasema yananukia moshi (alikuwa sahihi, jiko la kuni la jirani liko upande upepo unakotokea na mi pua yangu ilishazoea).

Chagua moja tu, lile linalokula hela kuliko mengine. Alafu ligeuze liwe kitu cha kuhesabika. Ukisema "ukungu" peke yake huwezi kujua umepungua au vipi, ila ukisema "kati ya paketi 10 ngapi zimeota ukungu kabla ya wiki ya sita", hapo mwezi ujao utakuwa na namba ya kulinganisha na ya leo.

HATUA YA PILI: vifaa

Sio vingi. Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma mpaka gramu moja, hiyo usibane hela, ndo jicho lako. Themomita ya kuweka ndani ya draya. Kale kasaa kadogo kanakosoma unyevu wa hewa ukikapata. Rula ya shule. Chupa za kioo zenye mfuniko unaobana, hata za jemu zilizotumika. Kalamu ya maka na kaunta buku gumu, sio daftari la mtoto litakalochanwa karatasi za kufungia karanga.

HATUA YA TATU: daftari kwanza, usibadilishe kitu

Hapa watu wanachoka mapema maana inaonekana kama hufanyi kitu. Kwa wiki mbili usirekebishe chochote, fanya kazi kama siku zote ila andika. Tarehe. Maembe yametoka wapi na ni aina gani (dodo, bolibo au yale ya kienyeji yenye nyuzi, hayakauki sawa hayo). Uzito kabla ya kumenya na baada ya kumenya. Nani amekata. Saa ya kuingiza, joto la draya saa sita mchana, mawingu au jua au mvua. Saa ya kutoa, uzito wa kutoa. Saa ya kupaki.

Usidharau ile ya "nani amekata". Tuko wanne kwenye kikundi chetu na mmoja wetu, simtaji maana tunapendana, ana mkono mzito, vipande vyake vilikuwa vinafika milimita 12 wakati vya wengine ni 6 au 7. Ukichanganya kwenye trei moja, vyembamba vinakuwa kandambili wakati vinene bado vina maji katikati, na hivyo vinene ndo vinaambukiza paketi nzima. Tangu hapo rula imefungwa na kamba kwenye meza ya kukatia na kila mtu anapima kipande cha kwanza, milimita 6 mpaka 8.

Na msimu nao uandike. Huku kwetu maembe yanakuja kwa wingi Novemba, Desemba mpaka Januari, na vuli nayo inakuwa ipo hapo hapo, yaani tunda linaiva wakati ule ule jua linapokuwa la kuvizia. Ukilinganisha mzigo wa Desemba na wa mtu anayekausha Agosti utajiona mjinga bure.

HATUA YA NNE: acha kuminya kwa vidole, mizani ndo iseme

Tulikuwa tunajua limekauka kwa kuminya na kukunja. Tatizo embe likiwa la moto linakuwa laini, likipoa linakaza, kwahiyo vidole vya saa nane mchana na vya saa moja jioni havikubaliani. Tumia hesabu.

Embe bichi lililomenywa lina maji kama asilimia 83, kinachobaki 17 ndo embe lenyewe: sukari, nyuzi na vinginevyo. Sasa ukipanga vipande gramu 2,000 kwenye trei, ukavu uliopo ni gramu 340, na huo hauendi popote hata jua liwake vipi, kinachoondoka ni maji tu. Ukitaka embe kavu lenye maji asilimia 15, maana yake ule ukavu uwe asilimia 85 ya uzito wa mwisho. Chukua 340 gawa kwa 0.85 unapata 400. Trei ikifika gramu 400 toa. Ikiwa bado 440, usidanganywe na rangi, hapo maji ni karibu asilimia 23 na hiyo ni paketi ya manyoya.

Kuna kitu cha kuangalia. Sio kila embe ni 83, lililoiva sana lenye sukari nyingi linaweza kuwa na ukavu wa asilimia 20, hapo trei ile ile inatakiwa itoke kwenye 470. Kwahiyo kila ukinunua mzigo mpya kwa mtu tofauti, chukua gramu 100 kata nyembamba sana, kausha mpaka upime mara tatu kila baada ya saa moja uzito usishuke tena, kilichobaki ndo ukavu wa mzigo huo kwa makadirio. Namba kamili ni ya maabara na oveni yao lakini hii inatosha kutokukosea kwa mbali. Weka alama trei moja ya kupimia uandike uzito wake ikiwa tupu, mi nilisahau hiyo nikawa nahesabu uzito wa mbao kama embe.

Mboga za majani usizipime kwa kipimo cha embe. Embe lina sukari nyingi na sukari inayashika maji, ukungu hauyapati hata kama yapo, ndo maana embe la asilimia 15 linakaa. Majani hayana sukari hiyo, yashushe chini ya asilimia 10, ukikunja jani livunjike lisikunjike.

Joto la draya mi naliweka kati ya nyuzi 55 na 65. Ukipandisha kupita 70 ili uwahi mvua, embe linafanya kama andazi la moto mkali, nje limeiva ndani unga. Ganda la nje linakaza, maji ya ndani yanakosa njia, unatoa unaona limekauka, siku ya tatu limerudi laini lenyewe.

HATUA YA TANO: lilaze kwenye chupa kabla hujaliuza

Hii hatua ndo iliyoniokoa kuliko zote na haina gharama. Embe likitoka liache lipoe kama nusu saa tu, lisilale nje, jaza chupa za kioo mpaka theluthi mbili, funga. Kila asubuhi kwa siku 7 mpaka 10 itikise na uangalie ukuta wa chupa kwa ndani. Ukiona jasho, hata matone mawili, rudisha yote kwenye draya. Ukiona vipande vimegandana kama pipi kwenye jua, vile vile. Hizo siku kipande kilichobaki na maji kinagawana na kikavu, ndani ya chupa wanakuwa sawa.

Kama unafanya kilo nyingi huwezi kulaza zote kwenye chupa za jemu, tumia ndoo za plastiki safi za chakula zinazoziba, ila chota chupa moja ya kioo kutoka kila ndoo iwe ndo shahidi. Iandike namba ya ndoo.

HATUA YA SITA: badilisha kitu kimoja, kimoja tu

Baada ya ukungu kuisha nikahamia kwenye weusi. Embe, ndizi, tufaa, viazi, ukikata hewa ikaingia kuna vimeng'enya (vitu vya asili vilivyomo ndani ya tunda lenyewe) vinaamka vinageuza rangi kuwa ya kahawia. Tindikali inavipunguza nguvu, kwahiyo watu wanachovya kwenye maji ya limao, kipimo kinachotumika sana ni juisi ya limao na maji nusu kwa nusu, dakika 10. Je inafanya kazi kwa embe langu, kwenye draya yangu? Hilo ndo swali, sio "wanasema".

Chukua maembe ya gunia moja. Kata yote, changanya kwenye beseni moja, alafu ndo ugawe mafungu mawili. Usichukue yaliyoiva fungu hili na magumu fungu lile. Fungu la kwanza dakika 10 kwenye maji ya limao. Fungu la pili, na hapa ndo wengi wanateleza, usiliache hivi hivi, nalo lichovye dakika 10 kwenye maji matupu, maana kuchovya kwenyewe tayari ni kitu kimebadilika. Maji yale yale, kisu kile kile, siku ile ile.

Mara ya kwanza nilifanya yote hayo vizuri alafu nikapanga trei za limao juu na trei za maji matupu chini. Jioni ya limao yametoka meusi zaidi! Nikaandika kwenye daftari "limao halifai", nikaweka na mstari chini. Wiki mbili baadae nimeweka themomita trei ya juu na ya chini nikakuta tofauti ya nyuzi 9, juu kulikuwa kunaungua. Limao nililisingizia. Sasa hivi kila trei naigawa katikati kwa uzi, nusu limao nusu maji, ili joto likipiga lipige wote. Fanya hivyo mara tatu siku tofauti, moja iwe ya mawingu. Ikitokea mara moja inaweza kuwa bahati.

Rangi usiiandike kwa maneno, leo "ya njano nzuri" kesho huikumbuki. Piga picha kwa simu ile ile, kivulini, kipande kikiwa juu ya karatasi nyeupe maana bila nyeupe simu inajipangia rangi yake.

Kuna wanaotumia dawa ya salfa, inashika rangi kweli kweli, sikatai. Ila viwango vya Codex, vile vya chakula vya kimataifa, vina kikomo, mabaki yasizidi miligramu 1,000 kwa kilo ya tunda kavu, na bila maabara huwezi kujua uko wapi. Na wapo wenye pumu salfa inawabana kifua, kwahiyo ukitumia lazima iandikwe kwenye lebo. Mi nimebaki na limao.

HATUA YA SABA: mboga za majani zina mambo yake

Bibi yangu kule Magu alikuwa anatengeneza nsansa, yaani majani ya kunde ya kukausha, na michembe na matobolwa ya viazi, bila themomita wala nini. Ukiangalia, matobolwa yanachemshwa kwanza ndo yanakatwa na kuanikwa, michembe inaanikwa mbichi. Hiyo ya kuchemsha kwanza ndo siri yenyewe. Joto la draya haliui vimeng'enya haraka, vinaendelea kula rangi na harufu ndani ya paketi, mboga inakuja kunuka kama nyasi kavu za ng'ombe. Kwahiyo majani yanapitishwa kwanza kwenye mvuke au maji yanayochemka dakika moja mpaka mbili, alafu kwenye maji ya baridi, ndo yanaenda kukaushwa.

Dakika moja au mbili? Inategemea unene wa jani na wingi uliotumbukiza. Kuna jaribio la duka la dawa. Nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda. Chukua jani bichi liponde kwenye kisahani, dondoshea matone machache, utaona linatoa povu kama sabuni. Povu hilo ni kimeng'enya kiko hai. Sasa chukua jani lililopita kwenye mvuke dakika moja, liponde, dondoshea. Likitoa povu bado, ongeza sekunde 30 ujaribu lingine. Siku ya kwanza tunafanya hivi wanawake wote wanne tumeinamia kisahani kama tunasubiri mtoto azaliwe, kisamvu cha dakika moja kikatoa povu, cha moja na nusu vipovu viwili vitatu, cha mbili kimyaaa. Tukaandika dakika mbili, na kila tukibadilisha aina ya mboga tunapima upya. Majani ya jaribio tupa, usirudishe kwenye mboga.

Magadi je? Najua wengi mnatia kidogo ili kijani kikae. Kijani kinakaa kweli ila vitamini C inaondoka na jani linakuwa telezi, amua mwenyewe unauza rangi au unauza mboga.

Kuhusu jua la moja kwa moja, hili limeshapimwa na wenzetu. Mwaka 2003 watafiti wa Tanzania na Sweden walichapisha kazi yao ya kulinganisha mboga za majani zilizoanikwa juani wazi kama tunavyofanya vijijini na zilizokaushwa kwenye kabati la sola, na za kwenye kabati zikabaki na karotini nyingi zaidi, hiyo ndo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Mwanga unaichoma. Mi juu ya draya ya mboga natandika kaniki, mwanga unazuiwa joto linapita, inachelewa kidogo tu. Na usianike chini. Mtu wa Kirumba, kwenye soko la dagaa hapa Mwanza, hahitaji kufundishwa hili, dagaa wa kwenye chanja na dagaa wa mchangani bei yake sio moja. Trei zote zifunike chandarua, hapa adui sio inzi peke yake, kuna wale wadudu wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama moshi, siku wakivamia trei iliyo wazi hiyo mboga umeshaipoteza.

HATUA YA NANE: kuonja, na shida ya majirani wenye adabu

Ukimpelekea jirani embe kavu ukamuuliza "vipi tamu?", atakwambia tamu sana dada yangu, hongera. Hata kama anatafuna kandambili. Hatuna tabia ya kumwambia mtu usoni kitu chake kibaya, na hiyo adabu ni nzuri msibani lakini kwenye utafiti inakutia hasara. Kwahiyo usiulize tamu au sio tamu. Uliza ipi ni tofauti.

Inafanywa hivi. Kila mtu anapewa visahani vitatu, viwili vina embe la aina moja na kimoja la nyingine, mfano viwili vya maji matupu na kimoja cha limao, au kinyume chake. Visahani viandikwe namba tatu tatu za ovyo kama 418, 273, 905, usiandike A na B maana watu wanapenda A. Mpangilio ubadilike kwa kila mtu. Anaonja kutoka kushoto, anasukutua na maji katikati, anataja kimoja kisichofanana na wenzake, lazima ataje hata kama anabahatisha. Hakuna kuongea wala kukunja uso, mmoja akikunja wote wanakunja. Fanya saa nne asubuhi, sio baada ya watu kula dagaa na pilipili.

Hesabu yake ni nzuri. Mtu akibahatisha ana nafasi moja kati ya tatu, kwahiyo watu 12 wakibahatisha wote, wanne hivi watapatia kwa bahati tu. Wakipatia watano au sita bado usishangilie. Wakifika 8 kati ya 12 hapo unaweza kusema tofauti ipo kweli na sio bahati. Limao langu lilipata 5. Yaani kwa mdomo watu hawakulitambua, ila kwa macho kwenye picha rangi ilikuwa wazi kabisa, na hicho ndo nilichokuwa nataka, rangi ibadilike ladha isiguswe. Kama rangi yenyewe itawaonyesha jibu, waonjeshe kwenye chumba chenye giza kidogo au wafumbe macho uwape mkononi.

Wakishaonyesha tofauti ipo ndo unaita wengine tofauti unawauliza wanapenda ipi.

HATUA YA TISA: tunza paketi uzilinde usiziuze

Kila mzigo toa paketi 8 ziwe za kwako, andika tarehe, weka juu ya kabati. Kila wiki mbili fungua moja: pima uzito (ikiongezeka kuliko ulivyoifunga, paketi inapitisha hewa), nusa, piga picha, kunja. Mbili nyingine ziweke sehemu ya joto, chini ya bati kule juu, kwa kawaida joto likipanda nyuzi 10 kuharibika kunaenda kama mara mbili, kwahiyo hizo zinakupa habari mapema kabla mteja hajakupigia.

Wengi tunahangaika na kukausha tunasahau stoo. Kuna utafiti wa viazi lishe vya rangi ya chungwa uliofanyika Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili letu, wakakuta kwenye kukausha karotini inayopotea ni asilimia 15 au chini ya hapo, ila baada ya miezi minne ya kukaa kwenye joto la kawaida la chumba hasara ikafika kama asilimia 70. Niliposoma hiyo nikaacha kumsumbua fundi wa draya nikaanza kusumbuana na wauza vifungashio. Hewa na mwanga ndo vinakula. Paketi angavu inapendeza dukani, mteja anaona embe, lakini na mwanga unaliona.

HATUA YA KUMI: sasa nenda maabara

Nimeiweka mwisho makusudi, ukienda na daftari unaongea kama mtu mwenye swali, ukienda mikono mitupu unalipia vipimo usivyovijua. Tangu Julai 2019 usajili wa vyakula ulihama TFDA (iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa) ukaenda TBS (shirika la viwango), na ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza. SIDO, wale wa viwanda vidogo, nao wapo mjini, watakusaidia njia ya kuanzia. Kwenye maabara omba kiasi cha maji na vijidudu vya ukungu kwanza, hivyo ndo vinaamua muda wa kuisha utakaouandika kwenye lebo.

Wa sosi ya nyanya, achari na pilipili za chupa, nyie kipimo chenu cha kwanza ni uchachu. Nunua karatasi za pH (zinabadilika rangi kuonyesha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa), chupa zote ziwe chini ya 4.6, ikipita hapo kuna bakteria anayetengeneza sumu ndani ya chupa iliyofungwa na hautamwona wala kumnusa. Nyanya inacheza kati ya 4.2 na 4.9 kutegemea aina na ilivyoiva, kwahiyo jana salama leo sio salama, ongeza limao au siki upime kila sufuria, kila sufuria jamani, na mi nikipima kwa karatasi nalenga 4.2 kwa sababu rangi ya karatasi sio ya kuaminiwa kwa tofauti ndogo.

Kwa sasa juu ya kabati langu nina paketi 16 za mzigo mmoja, 8 angavu na 8 za foili ya fedha, zimefungwa zote jioni moja, gramu 100 kila moja. Wiki ya nne ile angavu imesoma 103, ya foili 100. Wiki ya sita ni Jumamosi.